Kukatika kwa Muunganisho wa Bluetooth katika Vifaa Vidogo vya Linux: Utambuzi wa Hitilafu katika Mazingira ya Kasese na Bwera

Ikisiri

Vifaa vidogo vinavyoendeshwa na Linux hutumika kukusanya vipimo vya joto, maji na hewa kutoka kwa vihisi vilivyo karibu navyo, aghalabu kwa njia ya Bluetooth. Muunganisho huo unapokatika, mafundi wengi huanza kwa kuzima na kuwasha kifaa, kisha hununua kingine. Makala haya yanafafanua kwa nini hatua hizo mbili huficha chanzo cha hitilafu. Yanaonyesha kwamba kukatika si tukio la aina moja, bali ni matukio matano yenye vyanzo, alama na tiba tofauti, na kwamba Linux huacha ushahidi wa kutosha kuyatenganisha. Kwa kuzingatia mazingira ya Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, makala yanapendekeza majina matano ya Kiswahili ya kuripotia hitilafu hizo, utaratibu wa uchunguzi na masharti ya kuingizwa katika zabuni za umma.

Istilahi za msingi: kihisi, lango, mifumo pachikwa, muda wa subira, mnyororo baridi

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Juni 2019, Wizara ya Afya ya Uganda ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa Ebola nchini humo kutokana na mlipuko uliokuwa umeanza Kivu Kaskazini mwaka uliotangulia. Mgonjwa huyo, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amevuka mpaka na jamaa zake, alihudumiwa katika kituo cha matibabu ya Ebola kilichokuwa Bwera, kilomita chache tu kutoka kivuko cha Mpondwe. Chanjo ya rVSV-ZEBOV iliyotumika katika mlipuko huo ilihitaji kuhifadhiwa katika baridi ya kati ya nyuzi -80 na -60 za Selsiasi. Chanjo za kawaida za watoto huhitaji nyuzi 2 hadi 8. Katika hali zote mbili, anayeamua kama chupa itumike au itupwe hutegemea rekodi ya joto isiyo na pengo.

Wilayani Kasese, kupata rekodi hiyo si jambo jepesi. Mto Nyamwamba, unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori, ulifurika mwaka 2013, na mafuriko yake ya Mei 2020 yaliharibu vibaya Hospitali ya Kilembe. Katika mazingira ambamo barabara na umeme vinaweza kukatika pamoja, kifaa kinachojirekodi chenyewe ni msaada mkubwa kwa mhudumu wa afya.

Mpangilio unaojadiliwa hapa una sehemu tatu. Ya kwanza ni kihisi kidogo cha betri kinachokaa ndani ya jokofu. Ya pili ni lango, yaani kompyuta ndogo ya ubao mmoja iliyofungwa ukutani, inayoendeshwa na Linux na kupokea vipimo kwa Bluetooth. Ya tatu ni modemu ya simu inayopeleka vipimo hivyo kwenye hifadhidata ya wilaya au taifa. Wataalamu huziita kompyuta za namna hii mifumo pachikwa, kwa kuwa zimepachikwa ndani ya kifaa chenye kazi moja na hazina skrini wala kibodi. Hali hiyo ndiyo inayotatiza: kifaa kisicho na skrini hakiwezi kumwambia mhudumu kilichokipata.

Uzito wa suala unaonekana katika kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha kengele za majokofu ya chanjo: joto kuzidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au kushuka hadi nyuzi -0.5 kwa dakika 60. Muunganisho ukikatika saa mbili usiku na kurejea saa kumi na mbili alfajiri, zimepita saa 10 kamili. Pengo la usiku mmoja linatosha kumeza tukio zima ambalo kengele iliwekwa ili kulitambua.

2.0 Uhai wa Muunganisho

Bluetooth hutumia masafa ya redio ya gigahezi 2.4, ambayo hayahitaji leseni na hivyo hutumiwa pia na Wi-Fi na vifaa vingine vingi. Aina inayotumia nishati kidogo, iliyoingizwa katika toleo la 4.0 la kiwango hicho mwaka 2010, hugawa masafa hayo katika chaneli 40. Chaneli tatu ni za kujitangaza, na 37 zilizobaki ni za kubadilishana data. Pande mbili zilizounganishwa huruka pamoja kutoka chaneli moja hadi nyingine kwa mpangilio unaojulikana kwao, na zinaweza kuziepuka chaneli zenye kelele.

Muunganisho huo si waya. Ni ahadi ya kukutana kila baada ya muda maalumu uitwao kipindi cha muunganisho, ambacho kiwango kinaruhusu kiwe kati ya milisekunde 7.5 na sekunde 4. Upande mmoja ukikosa kumsikia mwenzake, hauvunji ahadi papo hapo. Huvumilia hadi muda wa subira uishe, na muda huo unaweza kuwekwa kati ya milisekunde 100 na sekunde 32. Subira ikiisha bila pakiti hata moja sahihi kupokewa, muunganisho hutangazwa kuwa umekufa.

Jambo lisilofahamika sana ni kwamba, mtengenezaji au fundi asipobadilisha chochote, kiini cha Linux huanzisha miunganisho ya aina hii kwa kipindi cha milisekunde 30 hadi 50 na muda wa subira wa milisekunde 420. Kwa kipindi cha milisekunde 50, hizo ni nafasi nane tu za kukutana. Bluetooth ya kawaida, iliyotangulia aina hii, huvumilia kwa sekunde 20. Mtu anayepita kati ya jokofu na lango, mwili wake ukiwa na maji mengi yanayofyonza mawimbi haya, anaweza kuziba njia kwa nusu sekunde. Kwa vipimo vya kawaida vya Linux, nusu sekunde hiyo inatosha kukata muunganisho ambao haukuwa na kasoro yoyote.

3.0 Aina Tano za Kukatika

Kila muunganisho unapokufa, chipu ya redio huikabidhi Linux namba inayoeleza sababu. Namba hiyo huonekana kupitia programu ya btmon, inayokuja na BlueZ, mfumo rasmi wa Bluetooth katika Linux tangu mwaka 2001. Kwa kutumia namba hizo pamoja na kumbukumbu za kiini cha mfumo, tunapendekeza hitilafu zigawanywe katika aina tano, kila moja ikiwa na jina ambalo mhudumu asiye fundi anaweza kulitamka kwenye simu akaeleweka.

3.1 Ukimya

Alama yake ni namba 0x08, maana yake subira imeisha. Nduguye ni 0x3E, ambapo muunganisho ulianzishwa lakini haukusimama. Hapa hakuna aliyekosea; pande mbili zimeacha kusikiana. Vyanzo vya kwanza kuchunguzwa ni umbali, kuta, mwili wa jokofu na watu. Jokofu la chanjo ni sanduku la chuma lenye barafu au maji ndani yake, na chuma na maji vyote ni vizuizi vya mawimbi. Kihisi kilichowekwa katikati ya vifurushi vya barafu kinaweza kusikika vizuri mlango ukiwa wazi na kupotea ukifungwa. Nguvu ya mawimbi inayosomeka karibu na -60 ni imara. Inayokaribia -90 iko ukingoni, na hapo kila apitaye ni tishio.

Chanzo cha pili ni Wi-Fi. Katika mbao nyingi ndogo, ikiwemo Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016, chipu moja na antena moja hufanya kazi ya Wi-Fi na Bluetooth kwa zamu. Lango likifanywa pia kuwa kituo cha Wi-Fi cha wafanyakazi, kila video inayotazamwa hupunguza zamu za Bluetooth. Karibu na Mpondwe, ambako siku za soko huvuta maelfu ya watu wenye simu, masafa haya hujaa hata kama ndani ya kituo hakuna kilichobadilika.

Tiba ya ukimya huanza kwa kusogeza lango au antena, si kwa kununua. Kisha muda wa subira uongezwe: mipangilio ya LE katika faili kuu la BlueZ huruhusu hilo katika matoleo ya karibuni, na sekunde 4 hadi 6 hazina hasara kwa kihisi kinachopima kila baada ya dakika kadhaa. Ikumbukwe kwamba kihisi chenyewe kinaweza kuomba vipimo vingine baada ya kuunganishwa, kwa hiyo kinachotumika kisomwe kwenye btmon badala ya kukisiwa.

3.2 Kuaga

Alama yake ni 0x13, yaani upande wa pili ulifunga mazungumzo kwa hiari, au 0x16, ambapo lango lenyewe ndilo lililofunga. Vihisi vingi vimeundwa viage baada ya kutoa data ili kutunza betri. Hiyo ni tabia njema inayosomwa kimakosa kama ugonjwa. Hitilafu ipo pale tu ambapo programu ya lango haikuandikwa ili ijue kuunganisha tena. Anayebadilisha antena kwa sababu ya kuaga anatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

3.3 Kukataliwa

Alama zake ni 0x05, 0x06 na 0x3D. Zote huhusu funguo za siri zilizobadilishwa wakati wa kuoanisha vifaa. Linux huhifadhi funguo hizo katika folda ya /var/lib/bluetooth, zikiwa zimepangwa kwa anwani ya redio ya ubao husika. Hapa kuna mtego maalumu wa mifumo pachikwa. Ili kadi ya kumbukumbu isiharibike umeme unapokatika ghafla, wasanifu wengi hulifanya diski kuu lisomeke tu, na mabadiliko yote huishi katika kumbukumbu ya muda. Uamuzi huo ni wa busara, lakini folda ya funguo isipotengewa mahali pa kudumu, umeme ukikatika lango husahau funguo huku kihisi kikizikumbuka. Vifaa hivyo viwili hukutana kama jamaa ambao mmoja wao amepoteza kumbukumbu.

Tatizo hilohilo hutokea fundi anapohamisha kadi kutoka ubao ulioungua kwenda mpya. Anwani ya redio imebadilika, kwa hiyo funguo za zamani hazitafutwi tena. Tiba ni kuifanya folda ya funguo iwe ya kudumu, na kuoanisha upya kila ubao unapobadilishwa.

3.4 Kuzimia

Katika aina hii hakuna namba ya kuagana, kwa kuwa chipu ya redio yenyewe imenyamaza. Kumbukumbu za kiini, zinazosomwa kwa dmesg, huonyesha kwamba amri iliyotumwa kwa hci0 haikujibiwa kwa wakati. Chanzo kikuu ni umeme. Raspberry Pi hutoa onyo volti zinaposhuka chini ya takriban 4.63, na amri vcgencmd get_throttled hueleza kama hali hiyo imewahi kutokea tangu kifaa kilipowashwa. Kwenye mfumo wa sola wenye betri iliyochoka, mtuhumiwa wa kwanza ni modemu ya simu: inaporusha mawimbi ya 2G inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa vipande vifupi vya muda. Ikiwa Bluetooth huzimia kila saa kamili, na data hupelekwa kila saa kamili, uchunguzi umekaribia kwisha.

Chanzo cha pili ni nyaya za mawasiliano ndani ya ubao. Katika Raspberry Pi 3, Bluetooth hutumia mlango wa mfululizo ulio imara. Fundi anayeunganisha modemu kwenye pini za ubao mara nyingi huuhamishia mlango huo kwenye modemu na kuiachia Bluetooth mlango dhaifu, ambao mwendo wake hufuata saa ya kichakataji. Saa hiyo ikibadilika kwa ajili ya kuokoa nishati, mazungumzo na chipu huvurugika. Tiba ni kuidhibiti saa hiyo isibadilike, au kuiweka modemu kwenye USB. Kwa wanaotumia kipokezi cha Bluetooth cha USB, uwezo wa Linux wa kukilaza kipokezi kinapokuwa kimya uzimwe, na kipokezi kitenganishwe kwa waya mfupi na milango ya USB 3, ambayo hutoa kelele katika masafa ya gigahezi 2.4.

3.5 Pengo bandia

Aina ya tano si kukatika, ila huonekana hivyo kwenye grafu. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa inayoendelea kutembea umeme unapokatika. Zinapowaka tena, huanza na saa ya mwisho waliyoihifadhi hadi mtandao uzisahihishe, na vipimo vya wakati huo hupata tarehe zisizo zake.

Bwera ina sababu ya ziada. Uganda hutumia saa za Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya saa za dunia, ilhali Kivu Kaskazini iko saa mbili mbele. Modemu iliyo karibu na Mpondwe inaweza kushika mnara wa upande wa Kasindi na kupokea kutoka huko saa za eneo la Kongo. Lango linaloandika vipimo kwa saa za mahali litaonyesha saa moja iliyorudiwa, kisha, modemu ikirejea kwenye mnara wa Uganda, saa moja iliyotoweka. Mchambuzi aliye Kampala ataona pengo la dakika 60 na kuilaumu Bluetooth. Tiba ni rahisi: kila kipimo kiandikwe kwa saa za dunia, na saa za mahali zitumike tu wakati wa kumwonyesha msomaji.

4.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Kanuni ya kwanza ni kutozima kifaa kabla ya kuchukua ushahidi. Mifumo pachikwa mingi huhifadhi kumbukumbu katika kumbukumbu ya muda. Kuzima na kuwasha hufuta sababu pamoja na dalili, na kifaa hurejea kufanya kazi kwa siku chache bila yeyote kujua kwa nini kilisimama. Hatua ni hizi:

1. Nakili kumbukumbu za kiini na za BlueZ kwenye kifaa cha pembeni.
2. Washa btmon ikiandika kwenye faili, kisha iache hadi tukio litokee tena.
3. Soma namba ya sababu, na utaje aina: ukimya, kuaga, kukataliwa, kuzimia au pengo bandia.
4. Linganisha saa za matukio na ratiba ya kupeleka data, kukatika kwa umeme, kufunguliwa kwa kituo na siku za soko.
5. Badilisha jambo moja tu, kisha ngoja kwa muda unaozidi nafasi ya kawaida kati ya matukio mawili.

Hatua ya tano ndiyo inayovunjwa zaidi. Fundi aliyesafiri kutoka mjini Kasese hadi kituo cha mlimani hutaka kubadilisha kila kitu kwa safari moja. Anaweza kufaulu, lakini kituo kinachofuata hakitafaidika na safari yake, kwa kuwa hakuna anayejua ni badiliko lipi lililoponya.

5.0 Maana Yake kwa Sera

Hoja inayotokana na uchambuzi huu ni kwamba muunganisho wa redio utakatika, na mfumo wa umma usanifiwe kwa kulitambua hilo. Kukatika kwa muunganisho kusiwe kupotea kwa data. Kihisi kinachohifadhi vipimo vyake chenyewe na kuvitoa kila kinapofikiwa hugeuza usiku wa ukimya kuwa ucheleweshaji tu. Virekodi vya joto vya siku 30 vinavyotumika katika majokofu ya chanjo vimekwisha kuonyesha kwamba hifadhi ya kiasi hicho inawezekana katika kifaa kidogo cha betri. Tunapendekeza masharti manne katika zabuni:

Kwanza, kihisi kihifadhi vipimo vya siku 30 angalau, na lango livisome vyote baada ya kila kukatika. Pili, lango litunze sababu za kukatika kwa namna ambayo umeme ukizimika hazipotei. Tatu, saa zote ziandikwe kwa saa za dunia, na lango liwe na saa yenye betri yake. Nne, mnunuzi apewe haki na maelezo ya kubadilisha muda wa subira na mipangilio mingine bila kumsubiri muuzaji.

Lipo pia suala la lugha. Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika mpaka wa Mpondwe na Kasindi, mhudumu wa upande mmoja na fundi wa upande wa pili wanaweza kuhitaji kuelewana kwa simu usiku. Wakiwa na neno moja tu, "imekatika", watabadilishana masikitiko. Wakiwa na majina matano, watabadilishana ushahidi. Vyombo vya Kiswahili vya kanda vina nafasi ya kuyajadili majina haya, kuyasahihisha na kuyaingiza katika miongozo ya mafunzo ya mafundi wa afya.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kukatika kwa Bluetooth katika vifaa vidogo vya Linux hutambulika kwa namba na kumbukumbu ambazo mfumo wenyewe huzitoa, na kwamba sehemu kubwa ya tiba ni mpangilio na mahali, si ununuzi. Yameonyesha pia kwamba baadhi ya vyanzo ni vya mahali husika: barafu ya jokofu, betri ya sola, umati wa soko na mnara wa nchi jirani. Mshauri wa sera anayepokea ombi la kubadilisha malango yote ya wilaya ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kuidhinisha fedha: ni aina ipi kati ya hizi tano iliyorekodiwa, na mara ngapi? Kituo kisichoweza kulijibu kianze kwa kutunza kumbukumbu zake, kwa kuwa lango jipya litakalofungwa bila jibu hilo litaning'inia kwenye ukuta uleule, litavuta umeme uleule na kukisikiliza kihisi kilekile kupitia chuma kilekile.